Masizi ya Mama wa Mapacha

Mwaka 2018 nilikuwa na karakana ya useremala nyuma ya nyumba ya kupanga kule Troyeville, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, na nilijiona fundi kweli. Kiti kibovu kikiingia kwangu kilitoka kinang'aa. Nina ugonjwa huo: siwezi kuacha kitu na uchafu wake.

Jirani yangu, fundi cherehani wa kabila la Wabangwa kutoka Kameruni, aliniletea mwanamke wa mti aliyefungwa kitenge. Alikuwa mama wa mapacha, mke wa mfalme wa kwao, amechongwa anacheza, mdomo wazi, njuga mkononi. Vita vilipofika huko, mjomba wa jirani yangu aliitorosha sanamu hiyo ndani ya gunia la mchele, na njiani mguu ukakatika. Sanamu nyingine zote za kifalme ziliungua pamoja na ikulu.

"Imevunjika wapi?" nikauliza.

"Amevunjika," akanisahihisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kwa wateja wake Wakongo, lakini hapo hakuteleza. "Huyu bibi yangu, ndugu. Sio kiti."

Nikacheka. Mimi ni mlokole, sanamu kwangu ni sanamu. Hata hivyo kazi niliifanya kwa moyo. Mguu niliuunga kwa gundi na kijiti cha ndani, usingeona alama. Kisha nikamtazama usoni: mweusi tii, masizi na mafuta yamegandamana kama ukoko wa sufuria. Nikaona nimpe rafiki yangu zawadi. Nikachukua msasa.

Alipokuja alimkuta laini, mwekundu, amepakwa vanishi. Hakunifokea. Alipitisha kidole shavuni mwa bibi, akarudia tena.

"Umetoa watu," akasema.

"Eish, ulikuwa uchafu tu, ndugu."

"Kila mwaka wanampaka mafuta na mkono. Nyanya yangu alipaka. Mama alipaka. Mimi mtoto, mama akanishika mkono, nikapaka. Wote wamekufa. Ile nyeusi ndiyo mikono yao."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikapiga magoti, nikaokota vipande vyeusi vya msasa, nikakusanya na vumbi lote la mezani ndani ya gazeti, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Alilikunja taratibu lisimwagike, akaelekea mlangoni.

"Ndugu," nikamwita, "umemsahau bibi yako."

Akaniinulia lile gazeti. "Ninaye," akasema, akatoka.