Shahidi wa Mama Emérance

Mama Emérance ana kichwa kigumu, na mimi ndicho ninachompendea. Siku ya uchaguzi wa wabunge, Novemba 2018, alinipigia simu asubuhi: "Goretti, leta gari. Leo napiga kura."

Sauti haikuwa ya furaha. Yeye na mumewe, Ildephonse, walikula kiapo cha uraia wa Marekani siku moja, mwezi wa saba mwaka huo. Haukupita muda, figo za Ildephonse zikagoma. Kule hospitali Minneapolis alimshika mkewe mkono, akamwambia: "Kwetu Kongo nilipiga kura askari amenisimamia kichwani. Nilitaka nipige moja kwa amani. Mimi siiwahi tena. Wewe uende."

Akafa. Tulimlilia Hopkins, walikokuwa wanaishi, na Wakongo wa mji mzima walikuja isipokuwa Byamungu. Yeye na marehemu waliwahi kugombea uenyekiti wa jumuiya yao. Byamungu akashindwa, akasema kura zimeibwa, na hakukanyaga tena kwa mwenzake. Hata matangani! Jamani, msibani si hata adui huja?

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Mwezi wa tisa mjane akahamia jengo moja la mji jirani wa Saint Paul, na mlango wa pili akamkuta nani? Byamungu huyo huyo. Wakawa wanapishana kwenye ngazi bila salamu.

Basi tukafika kituoni, kwenye ukumbi wa shule. Dada wa mezani akatazama kitambulisho, akatikisa kichwa. Anwani bado ilikuwa ya Hopkins. Minnesota imegawanywa maeneo manane, kila eneo na mbunge wake, na Hopkins si eneo la Saint Paul. Kule hawezi kupiga kwa sababu haishi tena kule, na hapa hana hata bili yenye jina lake. Njia iliyobaki ilikuwa moja: apatikane mpiga kura wa mtaa huu, aape kwamba anajua mama huyu anaishi hapa. Mimi nisingefaa, uraia sijapata.

"Hakuna mtu unayemjua kwenye jengo lenu?" dada akamwuliza.

Mama Emérance akaanza kurudisha kitambulisho mkobani. Nikamnong'oneza, "Si yupo Byamungu? Yeye ni raia."

"Afadhali nirudi nyumbani."

Hapo nikapandwa na hasira. "Haya, rudi! Ukamwambie Ildephonse kwamba kiburi kimekuzuia."

Machozi yakamlenga. Alikaa kwenye benchi, wala hakuondoka. Nikapiga simu mimi mwenyewe.

Byamungu alikuja mchana na sare zake za kazi, macho chini. Dada akamwuliza amejuaje kwamba mama huyu anaishi pale. Akajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie.

"Ukuta wetu ni mmoja. Kila alfajiri namsikia akimlilia mumewe. Nakaa kitandani mpaka anyamaze, ndipo naenda kazini."

Byamungu akaapa, akatia sahihi, akaenda kusimama mlangoni.

Mama Emérance alikawia sana na karatasi yake, mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Alipotoka alikuwa na kile kibandiko chekundu kifuani, cha waliopiga kura, na uso umelowa. Byamungu alikuwa bado pale mlangoni, kofia mkononi.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana kwa msiba."

Pole ya leo, wakati mtu tulishamzika tangu kiangazi! Nilitaka nimpe vidonge vyake. Lakini Mama Emérance alinitangulia.

"Papa Byamungu," akamwambia, "kesho ukinisikia, usikae huko kitandani. Njoo ugonge, tumlilie wote."