Shangazi Kabula na Dimbwi la Ng'ombe

Kila nikifungua chupa ya maji yenye harufu ya dawa ya pamba, hasira hunipanda na machozi hunitoka kabla sijaanza kazi. Kazi yangu ni kupima uchafu wa mito ya Simiyu. Wenzangu ofisini, hapa Somanda, wanadhani nina mafua. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikulia Mwamapalala. Msimu wa kupulizia pamba, baba na majirani walikuwa wakitoka shambani na mabomba mgongoni, wanateremka mtoni kuyaoshea kwenye dimbwi lile lile tulilonyweshea ng'ombe. Maji yaligeuka meupe kama maziwa yaliyochakachuliwa, na sisi watoto tulishangilia samaki walioelea. Bwana shamba alikuwa ametufundisha kuchanganya dawa. Pa kuoshea bomba hakupataja, na maandishi ya kopo yalikuwa ya Kiingereza. Nani pale angeyasoma, fahali?

Mwaka mmoja ng'ombe wa baba wakaanza kuanguka mmoja mmoja, midomo imejaa povu. Baba akamwita mfumu, mpiga ramli wetu. Akampasua kuku, akayakodolea macho matumbo yake, akasema mchawi yumo humu humu nyumbani, naye ni mjane. Mjane alikuwa mmoja tu: shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba, aliyenilea mimi. Macho yake, ambayo watu waliyaita ya kichawi, yalikuwa mekundu kwa moshi wa kutupikia sisi.

"Ng'wana mayu, mtoto wa mama yangu, nimekukosea nini?" alimuuliza baba.

"Dada, nenda tu. Wasije wakakukata mapanga."

Alikwenda Mkula kwa ndugu wa mbali, na huko ndiko alikofia.

Nilipofika chuoni, mwalimu alitueleza jinsi dawa ile ya pamba inavyoua mnyama: mate, povu, kutetemeka, magoti kukunjika. Ng'ombe wetu wote walipita mbele yangu. Nililia pale pale darasani, bila aibu.

Siku hizi tunapanda miti kingo za mito na kuwaonyesha wakulima pa kuoshea mabomba, mbali na maji. Wananielewa haraka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kumbe ilihitajika asubuhi moja tu ya maelezo!

Kwenye mazishi ya shangazi, wazee wa kwetu walisimama wakatangaza kwamba wamemsamehe. Kwa akili yangu ya kitoto niliwaona watu wema sana, hata nikawashukuru. Walimsamehe kosa gani?