Mtakatifu wa Kitanda cha Juu

Wengine waliorudi kutoka Dubai husimulia maghorofa. Mimi nasimulia jinsi nilivyomshusha mtu kutoka kwenye utakatifu, na nilimshusha kwa elimu.

Tulikaa watatu chumba kimoja Al Muraqqabat: mimi, msimamizi wa mapokezi hotelini, cheo nilichokipata kwa jasho langu, Mmombasa aliyeuza manukato, na Mkatoliki wa Songea, mlinzi wa jengo, aliyelala kitanda cha juu yangu. Kwaresima ile alisoma kitabu cha watakatifu wa kale, akamkuta mtawa aliyeishi miaka mingi juu ya nguzo akisali. Akapanda kitandani na kutangaza kwamba hashuki mpaka Pasaka.

"Na chooni?" Mmombasa akauliza.

"Chooni si kushuka. Ni dharura."

"Wallahi, dini yenu ina nafasi!"

Tulicheka siku mbili, zote za mapumziko yake. Mmombasa alimpandishia chapati kwa mfuko wa nailoni. Siku ya tatu msimamizi wa walinzi akanipigia simu mimi, kwa kuwa watu wa maana hunipigia mimi: asipofika zamu ya saa nane mchana, khalas, viza inafutwa. Mwenzetu alikuwa na watoto wanne nyumbani, wote wakila kwa kazi ile.

Nikakipitia kile kitabu haraka. Mwenye diploma ya utawala wa hoteli hashindwi na kitabu. Nikapata nilichotaka: wazee wa watawa waliwahi kumpima yule wa nguzo kwa kumwamuru ashuke. Akikaidi, ana kiburi. Akitii, ni mtakatifu wa kweli.

Nikasimama na suti yangu ya kazi. "Ndugu, kwa niaba ya wazee, nakuamuru ushuke."

Akateremsha mguu mmoja. Ukaning'inia mbele ya pua yangu, ukatulia hapo.

"Malizia," nikasema.

"Malizia wewe. Wazee walipouona mguu walisema: baki juu, tumeuona utii wako. Ukurasa unaofuata."

Sikuwa nimeufikia.

"Bwana Diploma, umekwama," Mmombasa akasema, akiutazama mguu. "Na soksi hii imefunga maji na sabuni tangu Krismasi."

Ilikuwa saa saba na nusu. Mlinzi alinitazama kwa imani kabisa, akingoja. Neno "baki" lilinifika kooni mara mbili. Nikawafikiria wale wanne, nikalimeza.

Baadaye kidogo mguu ukafa ganzi. Alijaribu kuuvuta juu, ukakataa, naye akaja mzima mzima juu ya godoro langu.

"Huku si kutii," akasema, machozi yakimlengalenga. "Huku ni kuanguka."

"Zamu ni saa nane," nikamjibu huku nikimvalisha kiatu. "Yalla."

Alifika kazini akichechemea, dakika mbili kabla ya muda. Hakunisemesha mpaka Pasaka. Viza haikufutwa. Mwanawe mkubwa sasa anasomea diploma, na aliyetoa ushauri huo ni mimi.