Mama Mkwe na Pikipiki Isiyopiga Kelele

Jumamosi, tarehe 12 Aprili 1975. Mvua imeanza alfajiri ikakatika saa tatu, halafu likatoka jua la kuchoma, Mwisenge yote inanuka matope.

Naandika leo jambo lililonipata Jumatano, maana tangu siku ile nashika kalamu naiweka chini kwa aibu, na huenda hata leo nisiliandike vizuri, shule yangu mnaijua iliishia darasa la nne. Lakini limeshasimuliwa stendi ya Bunda na watu ambao hawakuwepo, na wameongeza chumvi, basi afadhali mlisikie kwa mwenye aibu yake.

Mimi ni tarishi wa ofisi ya pamba, napeleka barua vijijini. Ofisi zetu zililetewa pikipiki ya namna mpya, ya kwanza kufika huku (ya kwanza kuiona mimi, za wengine sijui), tukaambiwa waendeshaji watatu tuijaribu kwa zamu, mimi, Masatu wa mifugo na Mzee Wambura wa afya, halafu leo tukutane Bunda tutoe maoni kama ziagizwe nyingine au tuendelee na makongwe yetu. Kwa kweli nilivimba kichwa. Inawaka kwa teke moja, na injini yake inaenda kimya kama cherehani, wakati ile ya zamani ilikuwaga inanguruma kama mashine ya kusaga, watu wanakusikia kabla hujapanda kilima.

Jumatano barua zangu zote zilikuwa za barabara kuu. Sikuwa na sababu ya kukata kona kwenda kijijini kwa wakwe zangu, upande wa Butiama. Nilikata. Nilitaka wanione juu ya kitu kipya, ni hilo tu, sina la kulipamba.

Sasa mnajua kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso. Wakikaribia kukutana, mmoja anaingia porini mwenzake apite. Wakionana, ukoo unaweza kumwita binti yao arudi nyumbani mpaka pawepo mbuzi wa kusafishia mwiko, na mke wangu Nyangeta ana mtoto mgongoni. Zamani haikuwa shida, mama alikuwaga anasikia ngurumo yangu toka mbali, anaingia kwenye pamba, mimi napita. Na tangu Serikali ihamishe watu na nyumba zipangwe mstari kando ya barabara, aliitegemea sana ile ngurumo.

Nimepinda kona, huyo hapo, mbele yangu, kanipa mgongo, kikapu kichwani, anatoka guliani. Hakusikia kitu. Nikageuza usukani kwa nguvu, tairi likateleza kwenye utelezi, mimi na pikipiki tukalala mtaroni, mguu wangu chini yake karibu na bomba la moshi, na petroli inadondoka. Kikapu chake nacho chini, furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, wametawanyika barabara nzima.

Nikapiga yowe. Nikafumba macho.

Nikasikia hatua zinakuja, zinasita, halafu zinakuja tena, lakini kwa kinyumenyume. Nilivyokuja kuona baadaye, alikuwa amejifunika kanga usoni na kunipa mgongo, akapapasa mpaka akashika chuma cha nyuma. Hakunisemesha mimi. Alisema na pikipiki.

"Wewe chuma, mwambie aliye chini yako, nikinyanyua avute mguu. Na asitazame."

Nikajibu, nami kwa pikipiki, "Chuma, mwambie mama nimesikia."

Akanyanyua, nikavuta mguu. Hapo ndipo nilipokosea, nikafumbua jicho, nikaona visigino vyake, na ng'ambo yake watu wa shamba la pamoja wanarudi, karibu kijiji kizima, wamesimama mstari majembe begani, kimya kama kanisani, wanatazama mkwe na mama mkwe wanavyozungumza kupitia pikipiki. Kisha mmoja akashindwa kujizuia, na mmoja akicheka wote wamecheka. Niliondoka naisukuma. Hata kuiwasha niliona haya.

Nyangeta nilipomweleza hakugomba. Alisema tu, "Wakiniita nitakwenda, baba, na mtoto nitaenda naye." Tangu hapo kila mtu akipita nje nilidhani ni ujumbe.

Asubuhi hii Bunda, Masatu alitangulia. "Ndugu, ni nzuri, lakini nzito. Ikikulalia porini utalala nayo mpaka fisi waje kukusalimu. Mwulizeni tarishi, mwenzetu amelaliwa."

Wakacheka sana. Nikasimama, nikasema ni kweli nimelaliwa, lakini aliyeinyanyua ni mama mwenye wajukuu, peke yake, kinyumenyume, uso ameufunika kwa kanga, na lile kongwe la Masatu lilipoanguka mtoni tulilinyanyua wanaume watatu tunaangalia mbele. Kicheko kikaisha. Mzee Wambura akamgeukia karani, "Andika, nyepesi."

Nilijivuna, na si kwa ajili ya pikipiki. Ila haki ni haki, nikaongeza kwamba kasoro yake ni huo ukimya, maana kwetu ngurumo ya pikipiki ndiyo hodi. Nalo likaandikwa, zikija ziwe na honi kubwa.

Narudi nyumbani, namkuta shemeji Makori, kaka wa Nyangeta, kwenye kigoda mlangoni, Nyangeta amesimama pembeni yake, mtoto mgongoni.

"Shemeji, mama kanituma. Anauliza, ulimwona?"

Ningeweza kusema hapana. "Uso sikuuona," nikasema. "Visigino niliviona."

"Visigino si uso," Makori akasema, "kila mtu anaviacha nyuma vionekane. Na yeye anasema hakukuona wewe. Aliona pikipiki, na anasema ni pikipiki nzuri, lakini ikija tena ianze kupiga honi toka darajani." Akanisogezea kikapu. "Amesema furu hawa mle na mjukuu wake."

Nimeapa, sipiti tena njia ambayo sina barua yake, na kila kona napiga honi hata kama mbele ni mbuzi watupu.

Jioni tumekula ugali wa mtama na furu, wale wale wa barabarani. Nyangeta aliwaosha mara mbili. Mchanga ulibaki kidogo. Tulitafuna polepole, na hakuna aliyelalamika.