Gentrix na Sumu ya Hadithini

Gentrix Awinja anashona sare za shule Malava, katika kibanda kinachotazama barabara ya Webuye. Hilo kila mtu analijua. Wengi wasilolijua, au walilojifanya hawalijui ilipowafaa, ni kwamba mama huyu pia ni mwandishi, na ametufanya wengine tukawa waandishi.

Alianzisha kundi la WhatsApp la kutunga hadithi kwa pamoja. Kijiji tulikibuni wenyewe, tukakiita Lukhome, tukakipa mto, soko na chifu. Kila mwanakundi alichukua mhusika wake, akawa anasema na kutenda kama yeye. Mimi Musimbi, mwalimu wa chekechea, nilikuwa chifu. Muuguzi mmoja wa Likuyani alikuwa mganga wa mitishamba. Gentrix alishika usukani: nani aandike sasa, nani asubiri, mvua imenyesha kijijini au bado. Masharti yake hayakuwa mengi, lakini hakuyalegeza. Ujumbe wa hadithi uanze kwa jina la mhusika kwa herufi kubwa. Ukitaka kusema lako mwenyewe, anza na neno NJE. Na usimwamulie mhusika wa mwenzako. Huwezi kumwoza, kumfunga wala kumuua bila mwenyewe kukubali.

Tyson, fundi wa simu wa hapo hapo Malava, aliliona sharti hilo la mwisho kama dharau. Mhusika wake alikuwa tajiri, na alitaka Lukhome nzima itetemeke akipita. Siku moja akachoma nyumba ya mganga, na mganga ndani. Muuguzi akalalamika. Gentrix aliifuta sehemu hiyo, akazungumza na Tyson kando, kwa upole. Tyson aliporudia, akamtoa kundini.

Wakati huo mhusika wa Gentrix mwenyewe, Nasimiyu, mke wa mlevi mkatili, alikuwa ametoka kukiri kosa lake: “Nilimtilia dawa ya panya kwenye uji. Alikunywa kikombe chote, akanishukuru.” Hatukuwahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Tyson alikuwa ameyapiga picha kwenye skrini kabla hajatolewa. Alikata jina la NASIMIYU pale juu, akaacha jina la Gentrix, kisha akairusha picha kwa watu wa Malava.

Mama mkwe wa Gentrix alikuwa amefariki mapema mwaka huo, kwa kisukari. Gentrix ndiye aliyemuuguza, na mwishoni mama yule hakumeza kitu ila uji. Nacho Kiswahili chetu hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke katika neno “nilimtilia”. Watu walisoma, wakajaza wenyewe.

Kwaya ya kanisa, alimokuwa akiimba, ikamwambia apumzike kwanza. Wazazi wakaja kuchukua vitambaa ambavyo hata havijakatwa, wakisema wamebadilisha mawazo. Mwanawe Mitchel alirudi kutoka shule akauliza kama ni kweli nyanya yake alilishwa sumu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watu wazima aliyekuja kumuuliza Gentrix uso kwa uso. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mwanamke aliyemwosha mgonjwa mchana na usiku, walimhukumu kwa picha iliyokatwa.

Shemeji yake, Osundwa, ndiye aliyeisambaza picha ile kwenye kundi la ukoo, kisha akaitisha kikao nyumbani kwao. Mumewe Gentrix, Wekesa, anayeendesha trekta la miwa huko Butali, alikubali kwa sharti moja, Tyson naye aje. Nami nikaenda, kwa kuwa nilikuwa shahidi.

Gentrix hakulia wala hakuomba. Alitoa simu akasoma sehemu yote tangu mwanzo, maneno ya Nasimiyu, ya chifu, ya mganga, na kila aliposoma jina alitaja ni nani aliyeandika. Alipofika kwenye uji, wazee wa ukoo waliinamisha vichwa. Wekesa akamgeukia Tyson, akamuuliza kama alijua kuwa hiyo ni hadithi.

“Nilijua,” Tyson akasema. “Ilikuwa mchezo tu.”

Nilidhani watamgeukia yeye. Osundwa akakohoa, akasema basi yamekwisha, tusameheane. Kisha akamtazama Gentrix.

“Lakini shemeji, hayo mambo unaandikanga, uyaache. Mama wa nyumbani anaandikaje sumu?”

“Mimi ndiye nimeitwa muuaji,” Gentrix akasema, “na mimi ndiye ninaambiwa niache? Uliituma picha ile kwa ukoo mzima. Kwa ukoo huo huo utatuma kwamba ulinisingizia.”

Osundwa aliahidi. Alichotuma baadaye ni sala ya amani, bila jina la Gentrix hata mara moja. Wekesa aliisoma, akakaa na kuandika mwenyewe ukweli wote, nani alikata picha na kwa nini, akautuma kila mahali uongo ulikofika.

Wateja walirudi, si wote. Kwaya nayo ilimwita tena. Mwenyekiti alimpokea kama mtu aliyetoka safari, akamgawia wimbo, wala neno la pole halikutoka. Gentrix alimrudishia karatasi ya wimbo mkononi. Alimwambia ataimba siku watakayosimama mbele ya washirika wa kanisa na kusema walimkosea. Mpaka sasa anakaa viti vya nyuma na mumewe, na kwaya inaimba bila sauti yake.

Kundi letu lilipungua. Muuguzi aliondoka, akihofia kazi yake, wala siwezi kumlaumu. Sisi tuliobaki Gentrix alituita upya, akatuambia Lukhome inaendelea. Nasimiyu amefikishwa mahakamani, chifu ndiye shahidi wa kwanza, na wiki hii ni zamu yangu kuandika.

Tyson yuko pale pale, anatengeneza simu za watu, na watu wanamsalimu.