Kifuu Chenye Chanjo Tatu

Mto wetu ulianzia chini ya jabali, kwenye mteremko mkali nyuma ya nyumba ya bibi, kule vilima vya Rabai. Pale chanzoni hata mimi niliweza kuuruka. Ulishuka mawe kwa mawe, ukapita pale wanawake walipofulia, kisha ukaingia kwenye mianzi, na ulikokwenda baada ya hapo sikukujua.

Nilikujua baba alipopata kazi mjini, miaka ya vita, akatuhamishia Mishomoroni. Siku ya kuagana nililia hadi nikashikwa na kwikwi.

"Mke mwenzangu, mbona walia?" bibi alinitania. "Maji haya yaja huko huko kwenu. Nitakutilia kifuu."

Kifuu cha nazi chenye chanjo tatu za kisu, alama tuliyotia kwenye mitungi yetu isichanganyike na ya majirani.

Basi nikangoja. Kila jioni nilishuka kwenye mikoko, pale mto unapokutana na mkono wa bahari, matope magotini. Vifuu niliokota vingi, chanjo sikuona. Nikamkasirikia bibi. Nilisema amenisahau, amepata wajukuu wengine wa kutania.

Siku moja nikaona maji yakijaa, yanarudi juu kuelekea Rabai. Nilifurahi kama mwehu! Nilichukua kisu cha mama, nikachanja kifuu changu, nikakitia majini. Kilipanda hadi kikapotea kwenye kona. Mwaka mzima nilifanya hivyo, na mama akawa haishi kuuliza vifuu vyake vya kuwashia moto vinakwenda wapi.

Tulipokwenda kumzuru, bibi alikuwa amekonda, anatembelea mkongojo. Hata shikamoo sikumpa.

"Vifuu vyangu ulipata?"

"Maji ya chumvi hayafiki huku, mwanangu," alisema. Kisha akanionyesha kwa mkongojo pembe ya chumba.

Palikuwa na rundo la vifuu, vyote vina chanjo tatu.

"Kila Jumapili nachanja kimoja. Lakini magoti yameukataa mteremko. Nikasema nikipona, nitavitia vyote pamoja."

Niliona haya, nikamkumbatia nikilia. Asubuhi nilivibeba mwenyewe mtoni, nikavitia kimoja kimoja, nikarudi Mishomoroni kuvingoja.

Bibi hakupona. Vifuu vyake sikuviona hata kimoja. Nami ni mzee sasa, lakini nikikuta kifuu ufukweni, lazima nikigeuze.