Taa Tano za Komora

Garsen nzima walimjua Komora kwa ulimi wake kabla ya kumjua kwa ufundi. Ukimpelekea kompyuta iliyogoma kuwaka, aliifungua, akaitoa pawasaplai, ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, kisha akaunganisha waya wake wa kijani na mweusi. Feni ikazunguka. Akaweka mita: volti kumi na mbili. Mwenye mali akatabasamu, na hapo ndipo Komora alipoanza kufurahi.

"Usicheke bado," alisema. "Bila mzigo kila mtu ni mwanaume."

Akaifungia taa ya gari, akaongeza nyingine, jicho kwenye mita. Volti zikiporomoka, au zikichezacheza bila kutulia, aliirusha kwenye gunia la takataka mbele ya mwenyewe. Pole haikuwahi kutolewa dukani mle.

Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Mbodze, na kitu pekee alichokiogopa duniani ni kubaki bila yeye. Kwa hiyo Gona, fundi simu wa Tarasaa, alipokuja kumposa, Komora hakukataa. Alisema tu, "Njoo ufanye kazi kwangu kwanza. Nikuone."

Akamwona kweli. Alimtukana mbele ya wateja. Alimbebesha betri za sola juani kutoka stendi, na bodaboda zimejaa tele. Mto ulipofurika, Gona ndiye aliyerudishwa dukani, maji kifuani, kuokoa gunia la takataka. Takataka, jamani! Gona akasema, "Sawa, baba," akaenda. Kila alipovumilia, Komora alizidi kukasirika, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Siku moja simu ikaja: mamake Gona amezidiwa, anamtaja mwanawe. Mezani kulikuwa na kompyuta za shule hazijapimwa. Garsen na Tarasaa ni pua na mdomo. Angeenda na kurudi kabla ya jioni.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Komora alisema. "Maliza kwanza."

Gona akamtazama Mbodze, akamaliza zote. Alipofika kwao, walikuwa wameshamfumba mama macho.

Baada ya matanga alirudi mara moja tu, akaiweka bisibisi ya Komora mezani.

"Mbodze, nisamehe," alisema. "Kumuona babako kila siku sitaweza tena."

Akatoka. Komora alijawa na furaha, wala hakuificha.

"Umeona? Volti zimeshuka. Si nilikwambia?"

Mbodze hakulia. Alichukua pawasaplai moja ndogo, ya zamani, ambayo babake aliipima asubuhi ile kwa taa mbili na kuisifu. Akaiwasha. Akafunga taa ya kwanza, akafunga ya pili. Mita haikutikisika. Akafunga ya tatu.

"Wewe! Soma kibandiko! Hiyo haibebi zaidi ya hapo!"

Akafunga ya nne. Komora akaanza kuzunguka meza kumfuata, magoti yake mabovu yakimchelewesha, na Mbodze akafunga ya tano. Feni ikakoroma. Kitu kikapasuka ndani, moshi ukatoka, taa zote zikazimika.

"Umeiua!" Komora alipiga kelele mpaka watu wa duka la pili wakachungulia. "Ilikuwa nzima! Haikuwa na kosa! Wewe ndiye uliyezidisha makusudi!"

"Ndiyo, baba," Mbodze alisema. "Alikuwa mzima."

Akachukua mkoba wake, akavuka barabara kwenda zinakopandiwa gari za Tarasaa, wala hakugeuka alipoitwa. Komora alirudi ndani, akaketi mbele ya chuma kilichoungua, akafungua mdomo atukane. Hakukuwa na mtu wa kumtukana.